Waliosota Pujini: Kisakale cha Mkama Ndume na Dhana ya Urithi wa Wahenga

Katika mijadala ya fasihi simulizi ya Kiswahili imezoeleka kusemwa kwamba masimulizi huwaunganisha wasikilizaji na wahenga wao. Kauli hiyo ina ukweli, ila huachwa hapo, kana kwamba wahenga wote walikuwa upande mmoja. Makala hii inaihoji kwa kukitazama kisakale cha Mkama Ndume kama nilivyokisikia Mgogoni, kaskazini mwa Pemba, mbali na magofu ya Pujini yanayohusishwa na mtawala huyo.

Kiini chake kinajulikana kisiwani kote. Mkama Ndume aliijenga ngome yake kwa kuwalazimisha raia kubeba mawe vichwani huku wakisota kwa makalio. Jina lake nalo ni hadithi fupi. Kukama ni kumkamua mnyama maziwa. Ndume ni dume. Mwenye kukama madume ni mtu anayedai kwa nguvu kile ambacho anayedaiwa hana. Ni vigumu kuamini kwamba mtawala alijibandika jina hilo mwenyewe. Yaelekea ni jina la kejeli, lililotungwa na waliokamuliwa, likadumu kuliko jina lolote alilojiita.

Uchimbaji wa kiakiolojia ulioongozwa na Adria LaViolette umeihusisha ngome ya Pujini na karne ya 15. Aliye karibu nayo anaweza kuusimulia mkasa huku akionyesha kitu: ukuta huu, au kisima kile kilichogawanywa, kama wasemavyo wenyeji, ili wake wawili wa Mkama Ndume wasionane. Mtoto wa Mgogoni hana mawe hayo mbele yake. Kwa hiyo bibi niliyemsikiliza huko aliutumia mwili wake: alijiweka chini, akainua mikono kichwani kama mwenye mzigo, akasota hatua mbili tatu sakafuni. Watoto walicheka sana. Alipoketi alisema tu kwamba waliosota hivyo ni babu zetu, na kicheko kikakatika.

Kimilikishi hicho, *zetu*, ndicho kinachostahili uhakiki. Urithi unaotolewa hapa hauna fahari ya ngome wala ya mfalme. Msikilizaji anapewa nasaba ya waliobebeshwa, tena baada ya kufanywa awacheke. Kitenzi chenyewe kinaendelea kufanya kazi hiyo katika Kiswahili cha leo: mtu husota rumande, husota kwenye foleni. Mhariri atakayeandika kwamba raia “waliteswa” atakuwa amehifadhi tukio na kuipoteza nasaba.

Hapa ndipo udhaifu wa mapokeo yetu ya kuchapisha unapojitokeza. Mkusanyo wa Edward Steere, *Swahili Tales*, uliotoka London mwaka 1870, ni hazina isiyopingika, na kila mtafiti wa ngano za Unguja anaudai shukrani. Hata hivyo, aliyekuwa akisikiliza na kuandika alikuwa mmisionari mgeni, na msimuliaji hakuwa na sababu ya kumwambia “babu zetu”. Ireland ilijaribu njia nyingine. Kati ya mwaka 1937 na 1939 wanafunzi wa shule za msingi waliagizwa kuwahoji wazee wa nyumbani na wa jirani, wakayaandika masimulizi katika madaftari yao. Zaidi ya watoto 50,000 walishiriki. Mwandishi alikuwa mjukuu. Makosa ya tahajia yalikuwa mengi, bila shaka, lakini kimilikishi kilikuwa mahali pake.

Msomaji anaweza kudai kwamba kusota huko si kumbukumbu ya karne ya 15, na kwamba uchungu wa utumwa na wa mashamba ya mikarafuu ya karne ya 19 ulimwagwa katika chombo cha zamani. Dai hilo siwezi kulikanusha, wala silioni kuwa linakibomoa kisakale. Linaongeza idadi ya wahenga wanaosota ndani yake. Linatudai pia unukuzi ulio makini zaidi: nani alisimulia, kwa nani, alisema *zao* au *zetu*, na kicheko kilikatika wapi. Katika nakala yangu ya kwanza ya usiku ule wa Mgogoni nilikiandika kicheko, nikasahau kuandika kwamba kilikatika.