Stelingi Hafi: Juu ya Lugha ya Watazamaji wa Filamu

Watu wanaotoka kutazama filamu hawasubiri istilahi. Papo hapo, mlangoni au sebuleni, mmoja husema picha imekolea, mwingine hudai kwamba mchezaji fulani amepwaya, na wa tatu hulalamika kwamba stelingi kafa na kwa hiyo fedha yake imekwenda bure. Maneno hayo hayakutungwa na kamati yoyote. Kwa upande wa pili, mwanafunzi wa sekondari akiulizwa juu ya filamu ile ile, ataandika kwamba mtunzi amefaulu kwa kiasi kikubwa katika fani na maudhui, naye atapewa alama zake. Nia ya makala haya ni kuzipima lugha hizo mbili kwa kuzitumia juu ya filamu nne, mbili za zamani na mbili za karibuni, ambazo mwandishi amezitazama katika majuma machache yaliyopita bila mpango maalumu, kama watu wengine wanavyotazama.

Tuanze na stelingi. Neno hili limetokana na lile la Kiingereza linalotangulia jina la mchezaji mkuu katika matangazo ya sinema. Watazamaji wetu walilichukua wakalifanya jina la mtu: stelingi ni yule anayepigana kwa ajili ya haki, na anayesimama mbele yake ni adui. Wapo wanaoliona neno hili kuwa la kihuni, na wanaotaka mahali pake pakae mhusika mkuu. Lakini maneno haya mawili hayana maana moja. Mhusika mkuu ni istilahi ya kuhesabu: ni yule ambaye habari nyingi zaidi zinamzunguka, awe mwema au mwovu, afe au apone. Stelingi ni istilahi ya mkataba. Anayelitamka neno hilo ametaja pia sharti ambalo kila mtazamaji analijua, yaani kwamba stelingi hafi.

Filamu ya Sholay, iliyoongozwa na Ramesh Sippy mwaka 1975, inaionyesha tofauti hiyo waziwazi. Wamo stelingi wawili, Veeru na Jai, majambazi wadogo walioajiriwa na Thakur, askari wa zamani aliyekatwa mikono yote miwili na adui Gabbar Singh. Jai, aliyechezwa na Amitabh Bachchan, anakufa. Msomi akisema kwamba mmoja wa wahusika wakuu anafariki dunia karibu na mwisho wa filamu, amesema kweli, lakini hajahakiki kitu. Mtazamaji akisema, "Stelingi kafa, bwana!" amekwisha kuhakiki: ameeleza kwamba filamu ilimpa ahadi, kisha ikaivunja, na kwamba maumivu anayoyasikia yametokana na kuvunjwa kwa ahadi hiyo. Si neno la kihuni. Ni istilahi kamili yenye mipaka yake, na wanaoitumia wanaijua mipaka hiyo.

Ukitaka kuijaribu zaidi, ipeleke kwa Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957, filamu ambayo bado yaweza kutazamwa leo bila kuionea haya. Radha na mumewe Shamu wamebanwa na deni la Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji. Shamu anapondwa mikono na jiwe kubwa, kisha anaondoka nyumbani kwa aibu. (Kwa nini filamu hizi mbili zote zimewapokonya wanaume mikono, hilo ni swali la mtu mwingine.) Radha anabaki na jembe, matope na watoto. Mwanawe Birju anakua na chuki, mwishowe anamwua Sukhilala na kumteka binti yake siku ya arusi. Hapo mama anashika bunduki na kumpiga risasi mwanawe mwenyewe.

Mtazamaji aliyezoea sinema huuliza hapa: stelingi ni nani? Birju ndiye anayemwondoa adui, na kumwondoa adui ndiyo kazi ya stelingi. Lakini kwa kumteka msichana yeye mwenyewe anageuka kuwa adui. Radha si mtu wa kupigana, na anapopiga risasi moja anamwua yule ampendaye kuliko wote. Swali hilo ndilo kiini cha filamu, na limezaliwa na istilahi ya mitaani. Mwenye kutumia mhusika mkuu hatalifikia kamwe, kwa kuwa kwake jibu ni rahisi: mhusika mkuu ni Radha, tuendelee na dhamira.

Filamu hiyo hiyo inatuleta kwenye maneno ambayo kwa maoni yangu ni bora kuliko yote yaliyopata kutokea katika uhakiki wetu wa uigizaji, yaani kuvaa uhusika na kupwaya. Mchezaji aliyeingia vizuri katika nafasi yake husemwa kwamba ameuvaa uhusika. Aliyeshindwa husemwa kwamba amepwaya, kama shati la baba linavyopwaya mwilini mwa mtoto. Jamii ya maneno hayo ni moja, ya nguo na mwili, na yanategemeana. Hakuna aliyeyapanga, na bado yamepangika kuliko orodha nyingi zilizopangwa mezani. Nargis, aliyemcheza Radha, alizaliwa mwaka 1929. Sunil Dutt, aliyemcheza mwanawe Birju, alizaliwa mwaka huo huo, mwezi huo huo wa Juni, na mwaka 1958 wakaoana. Mwanamke asiyefika miaka thelathini anamcheza mama wa mtu wa rika lake, anazeeka mbele yetu, na hatuoni mahali nguo inapolegea. Kusema kwamba amefaulu kwa kiasi kikubwa ni kumnyima haki yake, maana kufaulu ni neno la mtihani, nalo halisemi amefanya nini. Kusema kwamba ameuvaa uhusika kunamlazimu msemaji aonyeshe wapi nguo imekaa: begani, katika mwendo, katika namna ya kuishika bunduki mikono ikiwa imechoka.

Nimesema hapa kwamba Nargis alimcheza Radha. Najua kwamba wahariri wengi watataka alimwigiza. Sina ugomvi na kuigiza, wala na mwigizaji, ambalo limekwisha kukubalika mashuleni na katika magazeti. Lakini asili ya kuigiza ni kuiga, na kuiga ni kufuata sura ya nje ya kitu. Kucheza kunabeba ngoma, mpira na mchezo wa kuigiza pia, na watu wetu wanaendelea kusema kwamba fulani amecheza filamu fulani. Marehemu Rashidi Kawawa, kabla ya kuingia katika uongozi wa nchi, alicheza Muhogo Mchungu, na hivyo ndivyo wazee wanavyosema mpaka leo. Maneno yote mawili yaachwe yaishi. Mtafsiri anayefuta kucheza kila anapokutana nalo anajisumbua, na anamsumbua msomaji.

Filamu ya tatu ni Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga. Mwanzoni mwake tunamkuta kijana Mwas kijijini akiuza filamu za mapigano. Hauzi kwa kuzionyesha. Anazisimulia, anaruka, anatoa milio ya bunduki kwa mdomo, na wateja wanakusanyika. Sijui filamu nyingine ya Afrika Mashariki iliyoyatambua vizuri hivyo mazungumzo yetu juu ya sinema, kwamba kwetu kuhadithiwa filamu ni sehemu ya kuitazama. Baadaye Mwas anakwenda Nairobi kutafuta kazi ya kuigiza, anaibiwa siku ile ile anapofika, na anaangukia katika kundi la wezi. Kuanzia hapo anaishi maisha mawili, jukwaani na mitaani. Nusu ya pili ya filamu, kwa maoni yangu, ina matukio mengi kuliko inavyoweza kuyabeba. Lakini ule mwanzo haupwayi hata kidogo.

Lugha ya filamu hiyo ni Kiswahili, Kikuyu, Kiingereza na Sheng, zikichanganywa kadiri wasemaji wanavyochanganya. Nimemsikia mwalimu mmoja akisema kwamba kwa sababu hiyo haifai kuonyeshwa darasani. Mimi naona kinyume chake. Mwanafunzi akiulizwa ni wakati gani Mwas anaacha lugha moja na kushika nyingine, na mbele ya nani, atajifunza juu ya matumizi ya lugha mambo ambayo vitabu vyetu vya sarufi havimfundishi. Hata hivyo hatapata wa kumwuliza, ikiwa mwalimu naye amefundishwa kutafuta katika filamu dhamira tano na kuziorodhesha.

Ya nne ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2021, ambayo imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999. Ni Zanzibar ya miaka ya hamsini: Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mume mzee, anakimbia na kukutana na Denge, mpigania uhuru. Mazungumzo juu ya filamu hii hugawanyika upesi. Waliosoma kitabu, na wengi walikisoma shuleni, huanza kuhesabu yaliyoachwa. Wasiokisoma husema kwamba ni nzuri lakini inakwenda polepole. Makundi yote mawili yamesema kweli. Riwaya ni ya visa, kisa kinavuta kisa kingine na msomaji anakimbia navyo. Filamu, ambayo haizidi sana saa moja na nusu, imeviacha vingi vya visa hivyo na kushika hali: usiku, rangi za kuta, sauti za muziki, nyuso za watu wanaongoja. Anayekwenda akitaka kisa atatoka na njaa. Mimi nilitoka nimeshiba, ingawa ningependa kumwona Denge akifanya siasa zaidi ya kusemwa kwamba anaifanya.

Lakini tendo lenyewe la kukitoa kitabu na kukifanya filamu tuliiteje? Baadhi ya waandishi wameanza kusema kutohoa. Sisi wa kazi ya istilahi tunashtuka tukilisikia, maana kwetu utohozi ni kulichukua neno la kigeni na kulivika matamshi ya Kiswahili, kama tulivyopata filamu na baiskeli. Nimelifikiria jambo hili kwa muda, na naona kwamba matumizi hayo mapya yanafaa. Neno lililotoholewa hupokea irabu ambazo halikuwa nazo, hupoteza konsonanti ambazo ulimi wetu hauzipendi, na huingia katika upatanisho wa kisarufi wa lugha iliyolipokea. Baada ya hapo halihukumiwi tena kwa sheria za kule lilikotoka. Hakuna anayelalamika kwamba baiskeli imeacha nusu ya Kiingereza chake. Filamu iliyotoholewa kutoka riwaya nayo istahili kuhukumiwa hivyo hivyo, na wale wanaohesabu visa vilivyoachwa wangepata neno la kuwasaidia kuona kwamba wanahukumu kitu kwa sheria za kitu kingine.

Yapo mambo ambayo lugha ya watazamaji haitoshelezi, na huko ndiko kazi yetu iliko. La kwanza, nalo ni la haraka, ni kutafsiri filamu. Kwa sasa neno hili linabeba kazi tatu zisizofanana. Kuna kuandika maneno chini ya picha. Kuna kuziondoa sauti za wachezaji na kutia nyingine za Kiswahili mahali pake, kama inavyofanywa kwa tamthilia za Kituruki zinazoonyeshwa katika televisheni zetu. Kuna pia kazi iliyompa jina Lufufu katika Dar es Salaam na DJ Afro nchini Kenya: mtu mmoja anasema juu ya filamu nzima, anatafsiri, anafafanua, anawapa wachezaji majina mapya, anatia mzaha wake, na mara nyingine anaunda habari ambayo haimo. Watazamaji huita zote filamu zilizotafsiriwa, na kwao hakuna hasara. Lakini ofisi ikiandika mkataba wa kutafsiri filamu ya afya ya saa moja bila kusema zaidi, yaweza kuletewa yoyote katika hizo tatu, na hakuna atakayeweza kudai kwamba mkataba umevunjwa. Malipo ya kazi hizo hayawezi kuwa sawa, wala watu wanaozifanya si wale wale.

Kwa kazi ya pili, kutia sauti kunatosha, nako kumekwisha kusikika. Kwa ya tatu napendekeza kusimulia, na mwenye kazi awe msimulizi wa filamu, kwa kuwa anayoyafanya ni yale yale anayoyafanya Mwas kijijini, ila yeye ana kipaza sauti. Ya kwanza ndiyo ngumu. Manukuu limekwisha kuenea, lakini kunukuu ni kuyatoa maneno ya mtu kama yalivyo, na mwenye kuandika chini ya picha hana nafasi hiyo. Amepewa mistari miwili na sekunde chache, lazima apunguze, na ufundi wake wote uko katika kuchagua cha kuacha. Tukimwita mnukuzi, mwajiri atamlaumu kwa kila neno lililoachwa. Maandishi ya chini, wanavyosema watu wengi, hayadai kitu ambacho hayakifanyi, ingawa ni maneno mengi kwa istilahi moja na hayatoi jina la mwenye kazi. Walio na pendekezo bora wanaombwa waliandikie Baraza, pamoja na mfano wa sentensi ambamo neno hilo limekwisha kutumiwa na mtu asiyekuwa mtumishi wa lugha.