Mgeni Aliyeleta Mvua na Wageni Walioleta Kitabu

Zedekia Kisare alikuwa Mluo wa Shirati, na mwaka 1967 akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania. Maisha yake yalichapishwa mwaka 1984 huko Pennsylvania, kwa Kiingereza, kwa jina la Kisare, a Mennonite of Kiseru. Naanza na jina la kitabu kwa sababu limebeba ugomvi. Mmennonite, kwa fikra za wengi waliokinunua kitabu hicho wakati ule, alikuwa mtu wa Lancaster: mkulima mwenye jina la Kijerumani, ambaye wazee wake walikimbia mateso Uswisi na Ujerumani na kuanza kulima Pennsylvania mwaka 1710. Kiseru ni kwao Kisare. Majina hayo mawili yameunganishwa na "wa" moja tu, kama tunavyosema mtama wa Bunda au dagaa wa Musoma. Hakuna anayemuuliza dagaa alibatizwa na nani.

Swali langu ni kama kitabu chenyewe kinastahili jina lake.

Kwanza historia, kwa ufupi. Mwaka 1934 Elam Stauffer na Orie Miller waliingia Tanganyika wakitafuta mahali pa kuanzisha misheni. Wakiwa Mwanza walikutana na Emil Sywulka wa Africa Inland Mission, aliyewaelekeza mashariki mwa ziwa. Shirati ikawa kituo cha kwanza. Elizabeth, mke wa Stauffer, alikuja, na John na Ruth Mosemann pia. Miaka michache baadaye vituo vilikuwa vimefika Bukiroba nje ya mji wa Musoma, Mugango kando ya ziwa, na Bumangi kwa Wazanaki, si mbali na Butiama.

Aliyesoma maisha ya wamisionari wa dini yoyote anaijua njia yake. Wito unakuja usiku, meli inaondoka, masanduku yanafika pungufu, kisha malaria, nyumba ya kwanza, ubatizo wa kwanza, kaburi la kwanza. Wenyeji wanatokea ukurasani wanapobeba mizigo, na wanarudi tena wanapookoka. Kati ya mzigo na wokovu hatujui walikuwa wakiwaza nini. Simlaumu mmisionari kwa hilo kama anavyolaumiwa kwenye semina zetu za chuo, ambako neno "ukoloni" likishatajwa kila mtu hufunga daftari. Aliandika kwa watu wa kwao waliomchangia nauli, na hao walitaka kujua kama fedha yao imezaa. Lakini kama sanaa ya kusimulia maisha, hapo ndipo pana pengo: mgeni anafika, na hakuna mwenyeji anayempima.

Mara hatusimulii hivyo ujio wa mgeni. Mwaka 2003 mwanahistoria Jan Bender Shetler alitoa kitabu cha historia zilizoandikwa na wazee wa Mara ya kusini wenyewe, Telling Our Own Stories. Kilichapishwa na Brill, Leiden, kwa bei isiyomfaa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, achilia mbali mzee wa Ikizu. (Shetler naye ni Mmennonite. Inaelekea hatutawakwepa.) Humo na katika Imagining Serengeti, alichokitoa mwaka 2007, yamo masimulizi ya Nyakinywa, ambayo watu wa Ikizu huko Bunda, chini ya mlima Chamuriho, wameyasikia tangu utoto.

Nyakinywa ni mwanamke mhamiaji. Anatoka Kanadi, Usukuma, na anakuja na nguvu ya kuleta mvua. Anamkuta Isamongo, mwenyeji, mwenye siri ya moto. Kwa namna inayojulikana zaidi ya kisa hiki, hawapigani vita, na wala mmoja hamhubirii mwenzake. Wanashindana. Kila mmoja aoneshe alichonacho. Mvua inanyesha, moto unazimika, na mwenyeji anakubali. Wanapatana, na Nyakinywa anakuwa mtemi wa kwanza wa Ikizu. Waliomfuata mwanzoni kwenye kiti hicho walikuwa wanawake pia.

Kisa hicho kina mambo ambayo maisha ya mmisionari huyakosa. Mgeni ana nguvu kweli, na msimulizi hamwonei aibu kwa hilo. Mwenyeji naye ana chake. Asingekuwa nacho, mashindano yasingekuwapo. Halafu kuna masharti: mgeni anatawala kwa sababu amepimwa mbele ya watu, na waliompima ndio wanaosimulia. Ukiisoma historia ya Ikizu kwa jicho hilo, unaona kwamba kupokea dini ya mgeni au utawala wa mgeni lilikuwa jambo lenye utaratibu wake karne nyingi kabla ya meli ya Stauffer.

Ndiyo maana narudi kwa Kisare. Jalada linasema ni maisha yake kama alivyomsimulia Joseph C. Shenk. Shenk ni mtoto wa Clyde na Alta Shenk, wamisionari wa Bumangi. Alikulia Mara. Baadaye, mwaka 1996, aliandika pia habari za familia yake mwenyewe, Silver Thread, miaka mia ya Wamennonite katika misheni. Kwa hiyo kalamu moja imeandika "mimi" mbili: mimi ya mtoto wa mmisionari na mimi ya askofu Mluo. Hapo ndipo wenzangu wengi wangeishia: kalamu si yake, basi sauti si yake. Naona hiyo ni haraka. Mtu aliyekulia Bumangi anajua mzee wa Mara akinyamaza anamaanisha nini. Na Kisare hakuwa mtoto. Alikuwa amewaongoza watu, ameketi kwenye vikao, ameona wageni wanakuja na kuondoka. Anayesimulia naye huchagua cha kumpa mwenye kalamu.

Tatizo langu ni Kiingereza. Kisare na Shenk wote walikijua Kiswahili, lakini "mimi" tunayoisoma imekwisha kupita forodhani. Neno kama "mji", ambalo kwetu ni boma, ni ukoo, ni ng'ombe na makaburi, likifika Pennsylvania linakuwa kijiji chenye nyumba tu. Mambo mengi ya Mara yanakaa ndani ya neno hilo.

Hata hivyo kitabu kina mahali ambapo mgeni anapimwa, na ni rahisi kupapita kwa sababu pamevikwa lugha ya kanisa. Mwaka 1942, mwezi Agosti, uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda uliwashukia watu wa Shirati. Watu walilia ibadani, wakatubu, wakarudishiana walivyoibiana. Msomaji wa mjini huona hapo hisia za dini na kufungua ukurasa unaofuata. Mimi naomba tupasome kama pango la Nyakinywa. Kwa miaka minane wageni walikuwa ndio wenye kitabu, dawa na gari. Uamsho ulileta kipimo ambacho hawakukileta wao. Haukutoka Lancaster, ulitoka kwa Waafrika, ng'ambo ya ziwa, na kipimo chake kilikuwa kusema dhambi yako mbele ya ndugu zako. Mzungu naye alitakiwa kusimama na kusema. Stauffer alikubali, akawa mtu wa uamsho maisha yake yote, jambo ambalo baadhi ya watu wa kanisa la kwao Marekani hawakulipokea kwa moyo mweupe.

Kwa mara ya kwanza mwenyeji ameonesha moto wake, na mgeni ameinama. Lakini tofauti na Ikizu, hapa aliyeinama aliendelea kushika kiti. Kutoka 1942 mpaka Kisare awe askofu ni miaka 25, na bendera ya uhuru ilimtangulia kwa miaka 6. Kitabu kinachojiita cha Mmennonite wa Kiseru kilipaswa kukaa juu ya miaka hiyo 25 kama kuku juu ya mayai. Uvumilivu wa mtu aliyekwisha kuitwa ndugu na bado hajaitwa kiongozi ndio habari yenyewe.

Si kwamba Mara haikuwa na mfano wa uhusiano mwingine. Nyerere alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955 alirudi nyumbani, akawafundisha mapadre wa Maryknoll Kizanaki na kuwasaidia kutafsiri. Mmisionari anakaa kitini kama mwanafunzi, na anayemfundisha ni rais wa TANU. Ningependa kuona wasifu wa Mwalimu unaotumia kurasa 20 kwa miezi hiyo badala ya mstari mmoja.

Na wanawake je? Katika kitabu chake cha 2019, Claiming Civic Virtue, Shetler anaonesha kwamba wanawake wa Mara hukumbuka kwa mitandao: nani aliolewa wapi, nani alimficha nani mwaka wa njaa, rafiki yupi alikuwa ng'ambo ya mto. Bibi yangu, aliyeolewa upande wa Bumangi, husimulia wamisionari hivyohivyo. Hataji mwaka wala kituo. Hutaja mama Mzungu fulani kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kisha mwanamke aliyemfundisha kusonga ugali wa mtama, kisha dada wa mwanamke huyo aliyekataa kubatizwa na kwa nini. Katika vitabu vya misheni Elizabeth Stauffer na Ruth Mosemann ni "na mkewe", na Susana Kisare hayuko mbali na hapo. Bibi anaye dada aliyekataa. Ana sababu zake tatu, na ya tatu huisema akiwa ameshusha sauti, baada ya kutazama mlangoni kama babu amerudi.