Dirisha Lisilotaka Kufungwa

"Yaya, machine iko naomba mise à jour," aliniambia mwanafunzi aliyekaa mbele yangu katika secrétariat public moja hapa Lubumbashi, mahali tunapokwenda kupigisha chapa na kuchapisha TFC, yaani kazi ya kumalizia masomo. Skrini nzima ilikuwa ya buluu. Maandishi meupe ya Kifaransa yalisema kwamba Windows inasasishwa na kompyuta isizimwe, na chini yake asilimia zilikuwa zikipanda polepole. Kisha yakaja maagizo: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl pamoja na V, halafu Entrée. Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kibodi. Nilimwomba auondoe mkono, anisomee yote kwa sauti.

Zoea hilo nimelipata kwenye maandishi ya mji huu wenyewe. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani, historia ya Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zamani, inayojulikana kama Vocabulaire. Ni Kiswahili chetu cha Katanga, kilichoandikwa bila kungoja ruhusa ya kanuni za shule: neno hukatwa katikati, jingine huunganishwa na jirani yake, na jicho peke yake hupotea njia. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipoichapisha na kuifafanua mwaka 1990, alimtegemea msaidizi wake Kalundi Mango, aliyeisoma kwa sauti. Iliposikika, maneno yalirudi kwenye mipaka yake na sentensi zikapata wasemaji. Jicho hulitambua umbo kwa mara moja na kuridhika. Sikio huuliza ni nani anayesema, anasema na nani, na anataka afanyiwe nini.

Maandishi ya buluu yalitungwa kwa ajili ya jicho. Rangi ilikuwa yenyewe, herufi zilikuwa zenyewe, hata duara la vitone vinavyozunguka lilikuwa pale. Mwanafunzi aliposoma kwa sauti, nilisikia mgongano mara moja. Nusu ya kwanza ilisema mashine inafanya kazi. Nusu ya pili ilimpa kazi mtu.

Skrini ya kweli ya Windows, inapofika hatua ile ya buluu na asilimia, ina mtenda mmoja tu, naye ni mashine: inatayarisha, inasakinisha, inakaribia kuwasha upya. Anayeketi mbele yake hupewa agizo moja, nalo ni la kutotenda: asizime. Hakuna kitufe cha kubonyeza, hakuna herufi ya kuandika. Ni kama msimamizi wa ujenzi aliyekwishapewa ruhusa. Hana sababu ya kumrudia mwenye nyumba na kumwomba ashike nyundo. Dirisha la uongo haliwezi kuandikwa hivyo, kwa sababu bado halijaingia ndani. Liko nje, kwenye ukurasa wa kivinjari uliotandazwa ukafunika skrini yote, na linahitaji mkono wa mtu ili mlango ufunguke. Ndiyo maana lazima sarufi yake igeuke katikati ya njia na kuanza kuamrisha.

Amri zile tatu zinastahili kutazamwa moja moja, maana zimepangwa kwa ustadi unaonitia hofu. Windows na R hufungua kisanduku kidogo kinachopokea amri na kuitekeleza. Ctrl na V hubandika kile kilichonakiliwa. Lakini mwanafunzi hakuwa amenakili kitu. Ukurasa ndio uliokuwa umeweka amri yake kimyakimya mahali pa kunakilia. Entrée huitekeleza. Kwa vidole vyake mwenyewe angeiambia kompyuta ikachukue programu ya kijasusi, yenye kazi ya kukusanya nywila zilizohifadhiwa, huku akiamini anasaidia kuilinda. Mtindo huu wataalamu wa usalama wanauita ClickFix. Ulianza kujulikana kwa jina hilo mwaka 2024, na mwaka uliofuata ukaonekana ukiwa umevaa sura hii ya sasisho la Windows. Ubaya wake ni kwamba kinga za mashine huona mtu mwenyewe akiandika amri, na mtu huaminiwa kuliko faili.

Nilimwambia abonyeze F11. Ukingo wa kivinjari ukajitokeza juu, na anwani ya tovuti tusiyoijua. Asilimia ziliendelea kupanda ndani ya dirisha lililokwisha kuwa dogo.

Kuna jambo la pili la umbo, nalo ni jinsi kila andiko linavyoutazama wakati. Taarifa ya kweli kwa kawaida huzungumza kama mtu atakayekuwapo kesho. Inasema sasisho lipo; inakupa nafasi ya kuwasha upya sasa, kupanga saa, au kungoja. Ukiifunga, haipotei, kwa kuwa ina kwao: ukiingia mwenyewe katika Paramètres, penye Windows Update, utaikuta imekaa palepale. Dirisha la uongo halina kwao. Likifungwa limekufa, kwa hiyo kila sehemu ya lugha yake inapambana na kule kufungwa: saa inayohesabu kurudi nyuma, wekundu, mlio, namba ya simu, onyo kwamba faili zako zinafutwa wakati huu unaposoma. Microsoft imekwisha kusema wazi kwamba ujumbe wake wa hitilafu hauweki namba ya simu ya kupiga. Namba ikionekana, sihitaji kusoma mstari unaofuata.

Wakati mwingine tarehe peke yake inatosha. Adobe iliacha kuihudumia Flash Player tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikaizuia isifungue chochote. Ukurasa unaomwambia mtu leo asasishe Flash Player unazungumza kwa niaba ya marehemu. Bado mtego huo wa zamani hujitokeza, hasa kwenye tovuti za filamu na mpira.

Sitaki kumfanya msomaji aamini kwamba mtumaji wa kweli hana lawama. Mwezi Mei 2016, Microsoft ilipokuwa ikiwasukuma watu wahamie Windows 10, dirisha lake lilikuwa na alama ya X pembeni kama madirisha mengine, lakini kuibonyeza hakukufuta ratiba ya kuhamia. Watu walikasirika, na kampuni ikalibadilisha dirisha hilo. Naliona kosa lile kuwa kubwa. Kwa miaka mingi alama ya X ilikuwa na maana moja tu, ya kukataa. Mwenye lugha akiivunja maana ya neno lake, anamwachia mwongo sarufi ya kutumia.

Halafu kuna Flame, programu ya ujasusi iliyogunduliwa mwaka 2012, hasa katika kompyuta za Iran na Mashariki ya Kati. Hiyo ilighushi sahihi ya kidijitali ya Microsoft na kujipitisha kama sasisho halisi la Windows. Hapo hakukuwa na mgongano wa sarufi wa kusikika, wala kosa la tahajia, wala haraka. Usomaji wa umbo unaishia mbele ya kazi ya namna ile. Microsoft ilibatilisha vyeti vilivyotumika, na hilo halikuwa jambo ambalo sisi tulio mbele ya skrini tungeliweza kulifanya kwa macho wala kwa masikio. Lakini kughushi vile kunadai maarifa na gharama kubwa. Mtego unaoletwa kwa mwanafunzi wa Lubumbashi ni wa bei nafuu, na unafuu huo unasomeka.

Unasomeka pia kwenye kisanduku ambacho wengi wetu hatukisomi kabisa: kile kinachofifiza skrini yote na kuuliza kama unaruhusu programu ifanye mabadiliko. Mkono hukimbilia Oui kabla ya jicho kufika kwenye mstari wa Éditeur. Mstari huo ndio unaomtaja aliyetia sahihi. Ukisema Inconnu, na wewe ulidhani unasasisha Windows, basi andiko limekwisha kujikana lenyewe.

Kwa nini basi tunamtilia shaka wa kweli na kumwamini wa uongo? Katika mji huu jibu moja ni mégas, data ya intaneti tunayoinunua. Sasisho la kweli linaweza kumeza mamia ya mégas zilizonunuliwa kwa kujinyima, na umeme wa SNEL unaweza kukatika katikati. Tunaliahirisha, na siwezi kumlaumu anayeliahirisha. Ila gharama yake ipo: marekebisho ambayo yangezuia kirusi cha kompyuta cha WannaCry yalitolewa tarehe 14 Machi 2017, na kirusi kile kikaenea duniani kuanzia tarehe 12 Mei. Karibu miezi miwili ya "baadaye" ilitosha. Sasa Windows 10 yenyewe imefikia mwisho wa huduma yake ya kawaida, tarehe 14 Oktoba 2025, na inatuambia sisi wenye mashine za mitumba habari mbaya za kweli. Mtu aliyezoea kufunga kila onyo atalifunga na hilo. Mwongo anakuja kwa mtu huyo huyo aliyechoka na kumwahidi kwamba vitufe vitatu vitamaliza kila kitu.

Mwanafunzi alifunga kivinjari. Buluu ikaondoka, TFC yake ikabaki nyuma ilivyokuwa, ukurasa wa 41, mshale ukipepesa mwishoni mwa sentensi ambayo hakuwa ameimaliza. Tukaingia Paramètres. Sasisho la kweli lilikuwa pale, katika mstari mwembamba usio na rangi ya kutisha, likisubiri kuwashwa upya. Mwenye duka akasema liwekwe usiku, wateja wakishaondoka. Mwanafunzi akachagua saa nne, akakaa akiitazama namba ile kidogo.

"Yaya," akauliza, "na courant itakuwa?"