Kitenzi Kinapokosekana: Umbo la Nahau za Kiingereza za Wakati

Shuleni nahau za Kiingereza hufundishwa kwa orodha: huku nahau, kule maana yake, mwanafunzi akariri. Nahau zinazohusu wakati na mwendelezo wa mambo hupoteza mengi kwa mtindo huo, maana umbo lake ndilo linalobeba ujumbe.

Tuitazame "day in, day out". Ni maneno manne yenye silabi mojamoja: nomino imerudiwa, na kila mara imefuatwa na kielezi, cha kwanza cha kuingia, cha pili cha kutoka. Kitenzi hakuna. Pasipo kitenzi hakuna njeo, na pasipo njeo tendo halina mwanzo wala mwisho. Ndiyo maana nahau hii hukaa vizuri katika habari za jana, za leo na za kesho bila kubadilika hata herufi. Ule mkato wa katikati nao una kazi: huigawa kauli vipande viwili vilivyo sawa kwa urefu, na masikio yakishapata vipande viwili hutarajia cha tatu. Uchovu wa mtu anayerudia kazi ileile tunausikia kwenye wizani kabla hatujaufikiria.

Takriri hiyo haina sura moja. Katika "on and on", kielezi cha kusonga mbele kimeunganishwa na chenyewe, kwa hiyo jambo linaendelea tu, kama hotuba isiyokoma. Katika "over and over", jambo lilelile linaanza upya kila mara. "Time after time" ina kihusishi badala ya kiunganishi, nacho huyapanga matukio kwenye foleni, moja nyuma ya jingine. "Time and again" huanza kana kwamba itarudia nomino, kisha ikaleta neno jingine. Kamusi huenda ikazieleza zote kwa "mara kwa mara", lakini kwa mwandishi makini hazibadilishani ovyo.

Kitenzi kikiingia, sauti hubadilika. "Time and tide wait for no man" ni methali, nayo inatoa hukumu. Takriri ya konsonanti ya "t" imeyafunga pamoja maneno mawili ambayo zamani yalikaribiana kimaana, kwani "tide" katika Kiingereza cha kale ilikuwa wakati au majira. Leo wengi husikia humo bahari ikijaa na kupwa, na methali haikudhurika, kwa sababu sauti imeendelea kuishikilia.

Mfano mwingine ni "a stitch in time saves nine". Mkusanyaji wa methali Thomas Fuller alipoichapisha mwaka 1732, kitenzi chake kilikuwa na kisaidizi cha uwezekano: mshono mmoja wa mapema huenda ukaokoa tisa. Vinywa vya watu vimekiondoa kisaidizi hicho, na tahadhari ikageuka kanuni. Tisa nayo haikutokana na hesabu ya fundi yeyote. Irabu ya "nine" inaitikia ile ya "time", na hiyo inatosha.

Kiswahili kina "siku nenda, siku rudi", yenye muundo unaokaribia sana ule wa nahau yetu ya kwanza: nomino iliyorudiwa na maneno mawili yanayopingana. Ila hapa yanayopingana ni vitenzi, tena vyenye umbo la amri, na kwenda kunatangulia kurudi. Siku ya Mwingereza inapita kama mlangoni. Yetu imo safarini. Mtafsiri atakayeandika "siku ndani, siku nje" atakuwa ameleta maneno na kuiacha nahau ilikotoka.

Kwa hiyo walimu na watafsiri, kabla ya kufungua kamusi isomeni nahau kwa sauti. Hesabuni silabi zake, angalieni kilichorudiwa, ulizeni kitenzi kiko wapi. Nahau iliyofasiriwa maana bila umbo imefasiriwa nusu.