Virunga: filimu nzuri, lakini mukulima iko wapi?

Wengi kati yetu tuliangalia Virunga, ile filimu ya 2014 ya Orlando von Einsiedel. Iko filimu nzuri. Rodrigue Katembo anabeba kamera ya siri mbele ya watu wenye kumuletea rushwa juu ya petroli ya SOCO: ule ni ujasiri wa kweli. Na pale André Bauma anacheza na gorila yatima kule Rumangabo, kama hauguswi, una roho ngumu.

Shida yangu ni hii. Kwa zaidi ya saa moja na nusu tunaona walinzi, gorila, waasi, watu wa petroli. Mwenye kulima pembeni ya mupaka wa parki anapita mbio tu, hakuna mwenye kumuuliza kitu.

Tunapenda kusema watu wanajitenga na pori juu ya simu, juu ya muji, juu ya ujinga. Hapa kwetu ilianza na karatasi. Mu 1925 Wabelgiji walikata parki kwa jina la mufalme wao Albert, kisha wakaipanua. Pori lenye lilikuwa la kuni, la dawa, la asali, likawa la serikali, na mwenye kuingia akaitwa mwizi. Mutoto wa Kibumba leo anajua nini juu ya lile pori? Anajua mulinzi na bunduki yake. Muti anaupima kwa gunia za makala.

Na makala njo yenye Goma inapikia, mengi yanatoka mule mule. Wakati gorila waliuawa mu 2007, vidole vilielekea biashara ya makala. Filimu inatuonyesha wale yatima, lakini haifuati gunia mpaka ku jiko.

Sisi wa agronomia pia tusijifiche. Tunamaliza licence tunataja Hagenia abyssinica bila kukwama, lakini jina lake kwa Kinande? Kimya. Mama wa kijiji analijua, na yeye tunamuweka mu TFC yetu chini ya kichwa «vitisho»!

Mutaniambia: bila mupaka yote ingekatwa, angalieni vilima vya Masisi. Ni kweli, na sitaki mupaka utolewe. Ila mupaka unalinda miti tu. Ujuzi wa yule mama haulindi, na akikufa nao, wajukuu wake watabaki na bei ya gunia peke yake.

Tangu filimu ile, kitu kimoja kimebadilika: maji ya parki yanatoa umeme ku Matebe. Kwa mara ya kwanza mutu wa Rutshuru anaweza kuona pori linamuletea kitu nyumbani bila kuiba. Lakini nyumba nyingi zenye kuwasha ile taa bado zinapika na makala. Njo pale ningepeleka kamera.