Nani yumo ndani ya "Tupigie"?

Shangazi yangu anapika keki Mbagala. Kijana mmoja wa mtaani kwake amemtengenezea tovuti ya ukurasa mmoja, na picha zimetoka vizuri. Chini ya keki ya harusi ya ghorofa tatu kuna kitufe cha buluu: "Jifunze Zaidi". Nijifunze nini? Mimi nataka keki, si cheti cha upishi. Chini zaidi, kwenye fomu, kuna kingine: "Wasilisha". Hoja huwasilishwa bungeni, ripoti huwasilishwa kwa mkurugenzi. Oda ya keki mtu anaiweka tu. Yote mawili ni Kiswahili sanifu, ila sijamsikia muuzaji akiyatamka mbele ya mteja. Ni Kiingereza kilichovishwa kanga.

Kitufe ndicho kisentensi kifupi kuliko vyote kwenye tovuti, na ndicho kinachomuuzia mtu au kumpoteza. Kisomwe silabi kwa silabi.

"Piga simu sasa." Maneno matatu, kila moja silabi mbili, mkazo mwanzoni kila mara: PI-ga, SI-mu, SA-sa. Ni ngoma hiyo, ndiyo maana inakaa vizuri redioni na kwenye mabango. Lakini ndani yake hamna mtu. Apigiwe nani? Halafu hiyo "sasa" inasomwa na mtu aliyejilaza kitandani saa tano usiku, wakati shangazi amelala tangu saa tatu kwa sababu oveni anaiwasha alfajiri.

Iweke kando ya "Tupigie". Neno moja, silabi nne. "Tu-" ni wenye duka, wamesimama mlangoni. "-Pig-" ni tendo. "-I-" ya kutendea inalielekeza tendo kwa mtu. Na kwa kuwa mtendewa ameingia ndani ya kitenzi, ile "-a" ya amri inageuka "-e", ileile ya "naomba unipigie". Sarufi imeshashusha sauti yenyewe; hakuna haja ya kubandika "tafadhali". Tena ni umoja: si "Tupigieni". Mnadi wa gulioni anaita "karibuni" kwa sababu ana umati mbele yake. Anayeshika simu yuko peke yake.

"Jipatie" nayo ina kiambishi chenye kazi, ila kazi yake siipendi. "Ji-" inamfanya mnunuzi ajipe mwenyewe: muuzaji hayupo, na pesa nazo hazipo. Umeshajipatia, bado tu kulipa. "Usikose" ni ya kutisha watoto, tuipite.

Haraka ya bandia kila abiria wa daladala ameshaisikia kwa konda: "Bado wawili tuondoke!" Unakaa dakika ishirini, wawili hawaishi. Sasa tovuti zinatuandikia "Zimebaki 2 tu". Afadhali wangeiga mwito mwingine wa kondakta huyohuyo, "Posta, Posta, Posta", ambao hauna hata kitenzi. Unakutajia unakokwenda, kupanda utapanda mwenyewe. Au wamsikilize muuza mitumba: "Chagua, elfu mbili! Chagua, elfu mbili!" Kitenzi kimoja na bei palepale. Linganisha na huu msemo wa wafanyabiashara wa mtandaoni: "Bei njoo inboksi." Neno "bei" limetangulia kama ahadi, kisha "njoo" ikaichukua ikaondoka nayo. Mteja ameitwa ili akasubiri nje.

"Bofya hapa" ina bahati mbaya ya "hapa", ambayo haisemi ukibofya utakutana na nini. Kitenzi chenyewe ni kizuri. Kabla ya kompyuta kilikuwa cha embe: unalibofya kwa kidole kujua kama limeiva, huku muuzaji akikukata jicho. Mteja wa tovuti naye bado anabofya embe, hajafungua pochi.

Na wakati mwingine amri ikitumika sana inaacha kuamuru. Leo hapa Dar "lipa namba" limeshakuwa jina la kitu: namba ya kumlipa muuzaji kwa simu. Mtu anauliza, "Una lipa namba?" Kitenzi kimekaa humo kimya, hakimsukumi mtu, na pesa zinaingia.

Basi nikamshauri shangazi aandike "Tupigie". Akaniuliza, "Hiyo 'tu' ni mimi na nani, mwanangu? Si niko peke yangu?" Nikasema basi iwe "Nipigie". Akacheka mpaka akashika meza. Mwanamke aandike "Nipigie" na namba yake pembeni, usiku wote atalala nani? Hapo uhakiki wangu ukaishia. Kiambishi kilichokuwa sahihi kisarufi kingeleta wanaume mlangoni.

Simu yake ikaita tukiwa tumekaa hapohapo. Akapokea, akajibu salamu, kisha akauliza kile anachomuuliza kila mteja kabla ya kitu kingine: "Ya watu wangapi?"

"Jifunze Zaidi" imeondolewa. Chini ya ile keki ya ghorofa tatu sasa pameandikwa "Keki ya watu wangapi?" na vitufe vitatu: 10, 25, 50, kila kimoja na bei yake.