Pikipiki Inayojipiga Resi: Kutafuta Chanzo cha Sailensi ya Juu

Sailensi ya pikipiki ni mwendo wa injini pale mkono wa mafuta unapokuwa umeachiwa kabisa. Kwa pikipiki za silinda moja zinazobeba watu na mizigo Arusha, yaani Boxer, TVS HLX na zile za Kichina zenye injini iliyofuata muundo wa Honda CG125 ya mwaka 1976, injini iliyokwisha kupata moto huzunguka takriban mara 1,300 hadi 1,500 kwa dakika. Ikipita 2,000 dereva hahitaji kipimo kujua. Gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, pikipiki inataka kuondoka ikiwa kwenye foleni ya Sanawari, mafuta yanakwisha mapema. Kwenye mteremko wa kutoka Ilboru, na mkungu wa ndizi umefungwa nyuma, injini inasukuma badala ya kuzuia, na kazi yote inaangukia breki. Hapo tatizo si kelele tena. Ni la usalama.

Injini ya petroli haiwezi kukimbia bila kupata hewa. Ndani ya kabureta, hewa ya sailensi hupita kwenye upenyo mdogo chini ya pistoni ya kabureta, ile inayopanda na kushuka kwa kuvutwa na waya wa eksileta. Kwa hiyo sailensi ikiwa juu, mara nyingi jambo moja kati ya matatu limetokea: pistoni haijashuka hadi chini, au hewa inaingia kwa njia nyingine isiyopita kwenye kabureta, au mtu amepandisha skrubu ya sailensi ili kuficha ubovu mwingine. Hilo la tatu ndilo linalopoteza muda wa mafundi wengi. Skrubu ya sailensi ni kizuizi tu kinachoamua pistoni itue wapi. Ikishushwa wakati hewa inavuja kwingine, pikipiki itatulia asubuhi na kupiga resi mchana, au itazima kila ikifika kwenye taa za barabarani. Ndiyo maana kwa fundi makini skrubu hiyo huguswa mwisho, baada ya mengine yote kukaguliwa.

Arusha ina jambo lake la ziada: mwinuko. Mji uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya mlimani kama Ilkiding'a viko juu zaidi, kwenye miteremko ya Meru. Katika mwinuko wa mji, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 13. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kutoa mafuta karibu kama kawaida, mchanganyiko unakuwa mzito, na sailensi inashuka. Kwa hiyo wanaosema kwamba pikipiki inapiga resi kwa sababu ya mlima wanaligeuza jambo juu chini. Kinachotokea ni kwamba pikipiki iliyokuwa ikizimazima mlimani hupandishiwa skrubu, kisha ikiteremka Moshi, ambako ni chini ya mita 1,000, au ikiuzwa pwani, hewa nzito inaingia kwa wingi kupitia upenyo uleule na injini inaanza kupiga resi. Swali la kwanza la fundi linapaswa kuwa hili: pikipiki hii ilirekebishwa wapi, na lini skrubu iliguswa mara ya mwisho?

Swali la pili ni namna tatizo linavyojitokeza. Sailensi iliyo juu muda wote, tangu injini ikiwa ya baridi, huelekeza kwenye waya, choki au skrubu. Inayopanda usukani unapokatwa upande mmoja ni ya waya bila shaka. Ile inayopanda baada ya injini kupata moto, au inayochelewa kushuka dereva anapoachia mafuta, ikabaki ikining'inia juu kwa sekunde kadhaa kabla ya kutulia, karibu kila mara ni mchanganyiko mwepesi: hewa nyingi, mafuta machache. Dakika tano za kusikiliza na kuuliza huokoa nusu siku ya kufungua nati.

Ukaguzi huanza na waya wa eksileta kwa sababu hauna gharama. Pikipiki husimamishwa kwenye stendi kubwa, injini ikiwa nyutro, kisha usukani unakatwa kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho. Mngurumo ukibadilika, waya umebana. Mkono wa mafuta unatakiwa uwe na uhuru wa milimita 2 hadi 3 kabla haujaanza kuvuta chochote, na ukiachiwa urudi wenyewe kwa kishindo kidogo. Usiporudi hivyo, waya una kutu au nyuzi zilizokatika ndani ya ganda lake, jambo la kawaida baada ya masika. Vitu vinavyoongezwa kwenye usukani, kama kishikio cha simu, kioo cha upepo au vifuniko vya mikono vya kuzuia baridi ya Juni na Julai, navyo huusogeza waya kutoka kwenye njia yake. Waya uliochakaa hubadilishwa. Kuupaka oili huahirisha tu siku ya kubadilisha.

Choki inahusiana na baridi hiyohiyo. Asubuhi dereva anaivuta ili injini iwake, kisha anaisahau nusu njia, au kishikio chake kimelegea na mtetemo unakirudisha. Ni kukishusha hadi mwisho na kuhakikisha kinabaki hapo.

Sehemu inayostahili subira kuliko zote ni ile iliyo kati ya kabureta na kichwa cha injini. Kwa pikipiki nyingine ni shingo ya mpira. Kwa nyingine ni kipande cheusi kigumu cha kuzuia joto, chenye oringi ya kuziba hewa. Hewa ikipenya hapo haipimwi na kabureta, na haiji na mafuta yake. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inakimbia na kupata moto kupita kiasi, na plagi ikifunguliwa ncha yake inakuwa nyeupe badala ya rangi ya kahawia. Pikipiki inayopanda mlima kutwa na abiria wawili huchemka sana, na joto hilo ndilo linalokausha mpira na kuupasua. Lakini mkono wa fundi nao una sehemu yake. Mdomo wa kabureta ni wa metali laini. Boliti mbili zikikazwa kwa nguvu zote ili kuziba uvujaji, mdomo unapinda katikati na uvujaji unaongezeka. Mdomo uliopinda hunyooshwa kwa kusuguliwa polepole juu ya msasa laini uliotandazwa kwenye kioo, oringi mpya inawekwa, kisha boliti zinakazwa kwa zamu, kidogo kidogo.

Kuugundua uvujaji ni rahisi. Injini ikiwa inanguruma kwenye sailensi, maji kidogo hudondoshwa kwa bomba la sindano kuzunguka kiungo, mbali na plagi. Maji yakiziba ufa kwa muda, mngurumo hubadilika papo hapo, na hapo ndipo hewa inapoingilia. Wapo wanaofanya kipimo hiki kwa petroli. Waache kabisa: injini ni ya moto, plagi inatoa cheche, na tangi limejaa sentimita chache juu ya mikono yao. Kwenye kipimo hichohicho zitazamwe pia bomba ndogo za mpira zilizochomekwa kwenye njia ya kuingizia hewa, na kofia za mpira zinazoziba matundu yasiyotumika. Kofia moja iliyopasuka inatosha kupandisha sailensi.

Uvujaji usipoonekana, kabureta hufunguliwa, na kinachotafutwa zaidi ni jeti ndogo. Hii ndiyo inayotoa mafuta ya sailensi, na kitundu chake hakifiki nusu milimita. Udongo wa volkano wa Meru, wa rangi ya majivu na mwepesi kama unga, hujaza njia za vumbi za pembeni mwa mji wakati wa kiangazi. Kichujio cha hewa kikiwa kimechanika, au kimetolewa ili pikipiki eti ivute vizuri, vumbi hilo linaingia moja kwa moja. Uchafu wa tangi na wa petroli ya chupa humalizia kazi. Jeti ndogo ikiziba, injini haiwezi kusimama kwenye sailensi. Dereva anaipandisha skrubu mpaka pistoni ya kabureta inapanda kiasi cha kuruhusu mafuta yaje kupitia sindano ya katikati. Pikipiki inaishi hivyo, ikiwa haina hali ya katikati: ama inapiga resi, ama inazima. Dalili ya kuthibitisha ni kwamba kuzungusha skrubu ya mchanganyiko hakubadilishi chochote. Jeti hutolewa, ikasafishwa kwa petroli na upepo wa kompresa, na ikibidi kwa uzi wa mshipi wa kuvulia. Waya wa chuma hupanua kitundu, na jeti iliyopanuliwa haina tiba.

Wakati wa kuunganisha tena kuna kosa moja linalofanywa gizani au kwa haraka. Pistoni ya kabureta ina upande uliokatwa kwa chini, na upande huo lazima uelekee kwenye kichujio cha hewa. Ikirudishwa kinyume, injini itawaka na kupaa moja kwa moja. Hapohapo pistoni ikaguliwe kama imekwaruzwa na vumbi, maana iliyolika hupitisha hewa pembeni hata ikiwa imeshuka kabisa.

Marekebisho ya mwisho hufanywa injini ikiwa ya moto, baada ya mwendo wa dakika 10 hivi, na mahali ambapo pikipiki inafanyia kazi. Sailensi hushushwa hadi injini inanguruma taratibu. Skrubu ya mchanganyiko hufungwa polepole hadi iguse, kisha hufunguliwa mizunguko miwili hivi, na kutoka hapo husogezwa robo kwa robo mpaka mngurumo ufikie kilele chake na kuwa laini. Skrubu hiyo ikiwa upande wa injini, kuifungua huongeza mafuta. Ikiwa upande wa kichujio, kuifungua huongeza hewa, na kwa Arusha ndiyo mara nyingi huhitaji kufunguliwa kidogo zaidi kuliko pwani. Ndipo skrubu ya sailensi inaporudishwa kwenye kiwango. Pikipiki inayohamia Dar es Salaam irekebishwe upya ikifika.

Ikiwa waya ni huru, viungo havivuji, jeti ni safi, na bado sailensi haishuki hata skrubu ikifunguliwa yote, kabureta yenyewe imelika na inatakiwa kubadilishwa.